Barabara Tupu Yaomba Kijani

Jumapili, 24 Novemba. Dzaleka.

Bamama ba kanisa wameniombea safari njema kwa maombi marefu mpaka miguu ikafa ganzi. Kibali kimetoka. Naruhusiwa kukaa Lilongwe mpaka mvua ziishe, nitengeneze taa za barabarani na kampuni iliyonichukua. Miaka yote hii kwenye kambi hii ya wakimbizi nimekuwa nikichomea watu redio na simu, na diploma yangu ya elektroniki ya Bukavu inaliwa na mende. Kesho nashika kazi yangu tena. Nimefurahi mpaka naona haya.

Fidès, mdogo wangu, hakufurahi. Mimba yake hii ni ya tatu, na mbili zilizotangulia zilitoka zikiwa kubwa, zote wakati wa mvua. Tukikunja nguo zangu akaniita yaya, dada mkubwa, akaanza wimbo wake.

"Yaya, tumulilie mama. Mbele ya mtoto kuzaliwa."

"Mama hajakufa."

"Unajuaje?"

"Na we unajuaje?"

Hapo huwa tunaishia. Mama alibaki ufukweni Baraka siku ile vita vilifika na watu wakagombania mitumbwi, na tangu siku hiyo hakuna wa familia aliyemwona. Mtu mmoja alituambia amezikwa Kalemie. Mwingine akasema alimwona Uvira, sokoni, anauza mawese, amenenepa. Mi nilichukua huyo wa mawese. Ukishamlilia mtu umemfungia mlango, na akitokea kesho utamwambia nini? Fidès yeye anasema mimba zake zinatoka kwa sababu mama hajaliliwa, hana pa kulala, anakuja kulala kwake. Nilimwambia aache ujinga. Cadeau, mume wake, alikuwa pembeni na cherehani yake, pini mdomoni. Huyo shemeji akikuta wanawake wanagombana anakumbuka ana nguo ya mtu ya kumaliza.

Jumanne, 26 Novemba. Area 36, Lilongwe.

Chumba kina mlango, dirisha, na jirani mwenye spika kubwa. Basi.

Kazi yenyewe ni njia panda tatu kwenye barabara inayopanda kilima kwenda hospitali kubwa. Feu zake, taa za kuongoza magari ambazo hapa wanaita maloboti, kila moja ina akili yake. Gari linaachiwa kijani hapa, likifika pale linakuta nyekundu, likifika kule nyekundu tena, na madereva wanatukana mama za watu. Sisi tunazifanya zisikilizane: ya kwanza ikiachia magari, ya pili iwe tayari imefunguka yakifika, na ya tatu vilevile. Injinia Mtambo, mkubwa wangu, ni mtu mrefu, mpole, anatafuna karanga siku nzima na kuweka maganda mfukoni. Hataki yaanguke barabarani.

Njia panda ya kwanza ina mkono mmoja wa ajabu, barabara ya udongo inayotoka kwenye kichaka cha miti mikubwa. Magari yake ni machache, kwa hiyo haipewi kijani mpaka iombe. Mdomoni mwake tumezika waya wa duara. Gari likisimama juu, waya unasikia chuma, unaliarifu kabati la pembeni linaloendesha feu, kabati linatoa kijani. Mtu akisimama hapo mpaka azeeke, waya haumsikii. Unasikia chuma tu. Barabara kuu nayo ina waya kama huo, ili kijani kisiishe magari yakiwa bado yanapita.

Ijumaa, 29 Novemba.

Mvua ya kwanza. Nimelowa mpaka mifupa.

Jumatano, 4 Desemba.

Leo nimefanya ujinga, na sikujua ni ujinga mpaka ulipokuwa umekwisha.

Umeme ulikatika mchana nikiwa nimefungua kabati la njia panda ya kwanza, nyaya zote nje, feu zote zimekufa. Koni zilikuwa juu kwa Mtambo, njia panda ya tatu. Magari yanashuka kilima kama yanafukuzwa. Basi nikafanya kile mtu yeyote wa Fizi angefanya. Kwetu gari likiharibika njiani, dereva anakata matawi anayapanga barabarani, na wanaokuja nyuma wanajua kuna matata. Nilikimbia kwenye kile kichaka na panga la kazi, nikakata matawi mabichi, nikayapanga pande zote nne.

Wee! Yalifanya kazi kuliko koni. Magari yalipunguza mwendo toka mbali. Redio zikazimwa. Mwendesha kabaza, baisikeli ya abiria, alivua kofia. Mzee mmoja kwenye lori alisimama kabisa, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Pepani." Yaani pole. Nikamjibu zikomo, asante. Moyoni nikajisifu, nikasema watu wa hapa wana adabu sana kwa fundi.

Halafu akaja mama anayeuza mandasi pale kona, Mayi Nasibeko. Alipiga magoti mbele yangu kwenye matope, akaniita dada kwa Kichewa.

"Pepani, achemwali. Nani ametuacha?"

Kichewa changu ni cha kuokoteza. Nilifikiri anauliza nani amewaacha wauza mandasi bila umeme. Nikamwonyesha kabati.

"Sikuulizi kabati. Nauliza maiti. Umeweka matawi. Huku matawi barabarani ni maliro, ni msiba unapita."

Nikamweleza ya kwetu. Alisikiliza, akaanza kutabasamu, kisha akaangalia matawi vizuri na tabasamu likaondoka.

"Umeyakata wapi?"

Nikamwonyesha kichaka. Akaziba mdomo kwa mkono. Kumbe kichaka kile ni manda, makaburi ya watu wa zamani wa pale, na miti ya manda haikatwi hata kwa kuni. Mi nilidhani ni msitu tu umebaki.

"Basi nitayatoa," nikasema.

"Kuyatoa utayatoa. Lakini walioko kule wamekwisha kusikia kuna msiba. Wametoka kuja kuzika." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kusema mandasi zimebaki chache. "Sasa maiti yao iko wapi?"

Nilicheka. Kicheko chenyewe kilitoka vibaya.

Alhamisi, 5 Desemba.

Nimetoa matawi yote. Mtambo amecheka mpaka karanga zikampalia.

Jumatatu, 9 Desemba.

Jioni, watu wakitoka kazini, barabara ya udongo iliomba kijani. Nikageuka nione gari. Hakuna gari, hakuna baisikeli. Kabati likafunga barabara kuu, magari yote yakasimama, kijani kikawaka kwa matope matupu. Kisha kikaisha. Dereva mmoja alinitukana kana kwamba mi ndiye niliyewasha.

Ni maji. Mvua imeingia kwenye kiungo cha waya. Inatokea.

Alhamisi, 12 Desemba.

Nimechimbua kiungo, nimekifunga upya, nimekipaka lami. Jioni imeomba tena, saa ileile ya jana na juzi.

Jumanne, 17 Desemba.

Waya mpya wote, kutoka mdomo wa barabara mpaka kabati. Leo jua kali, ardhi imekauka. Imeomba.

Nilimleta Mtambo aone. Alisimama na mimi pembeni, akitafuna. Kijani kilipowaka kwa barabara tupu aliacha kutafuna.

"Chuma gani hicho, Madam Rosette?"

"Hakuna chuma."

Mayi Nasibeko alikuwa akifunga meza yake. "Majembe ni chuma," akasema. "Wachimba kaburi wanakwenda na majembe."

"Jembe moja halitoshi kuamsha waya," nikamwambia.

"Nani amekuambia ni moja?"

Jumatano, 25 Desemba. Dzaleka.

Krismasi. Matope mpaka magotini, na kwaya hata hivyo zimetoka na viatu vyeupe. Fidès amekuwa mkubwa, anatembea na mkono kiunoni. Mtoto anacheza. Aliweka mkono wangu juu ya tumbo nimsikie, na nilimsikia, teke moja la nguvu. Nilitaka kulia na badala yake nikamwambia ale mboga.

Nilimsimulia habari ya matawi nikidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo.

"Yaya, umeita kilio bila mutu."

"Na we sasa? Umekuwa Mchewa?"

"Kilio kikiitwa kinatafuta mutu. Kwetu vile vile. Umesahau kwetu?"

Tukagombana. Nikamwambia atulie, damu yake isipande. Akaniambia damu yake inapanda kwa sababu yangu.

Jumatatu, 6 Januari.

Imefika ya pili.

Naandika polepole ili niwe na hakika. Jioni, kwenye njia panda ya kwanza, barabara ya udongo imeomba, kama kila siku. Nikapanda kilima kwa miguu kwenda njia panda ya pili kumpelekea Mtambo koleo la kuchimbia. Nilipokuwa nakaribia, feu ya barabara kuu ilikuwa kijani upande wangu, na haikuwa na gari hata moja, nyuma yangu palikuwa patupu mpaka chini. Kijani kilitakiwa kuisha. Kikakataa. Kabati lilikuwa linasikia kitu kinapita juu ya waya, kitu kirefu, kimoja nyuma ya kingine, na huku magari ya pembeni yanasubiri na kupiga honi.

Gari likiachiwa ya kwanza linafika ya pili papo hapo. Hiki kilifika pamoja na mimi. Mi nilikuwa natembea, na koleo ni zito. Ni mwendo wa watu wanaobeba kitu.

Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji mpaka giza likaingia.

Jumatano, 15 Januari.

Sikukuu ya hapa, magari machache. Ndio vizuri zaidi kuona. Madimbwi yaliyo barabarani yanatikisika, moja, kisha linalofuata kupanda kilima, kisha linalofuata. Upepo hakuna.

Jumapili, 19 Januari.

Sikwenda Dzaleka. Mvua imekata njia.

Jumatano, 22 Januari.

Cadeau amepiga simu. Miguu ya Fidès imevimba, kichwa kinamuuma, damu imepanda. Kliniki ya kambi imemtuma mjini, na sasa yuko kwenye nyumba ya kungojea uzazi, ndani ya uzio wa hospitali kubwa. Nilikimbia kumwona. Anacheka na kina mama wengine, amekwisha kujua habari za kila mmoja. Daktari amesema akae karibu.

Niliposhuka jioni nilifika njia panda ya tatu, ambayo iko chini tu ya geti la hospitali, na nikasimama katikati ya watu kama aliyepigwa. Barabara ni moja. Inatoka makaburini, inapita ya kwanza, ya pili, ya tatu, inaishia kwa mdogo wangu.

Ijumaa, 24 Januari.

Nimezima kila kitu cha ile barabara ya udongo. Nimetoa waya wake kwenye kabati kabisa, ncha ziko mkononi mwangu, nimezifunga kwa utepe. Hakuna cha kuomba na hakuna cha kusikia.

Kijani kimewaka.

Jumatatu, 27 Januari.

Fidès kwenye simu: "Yaya, nani amekufa huku? Magari yakifika mbele ya geti yanaenda polepole, na jioni iko harufu ya majani mabichi." Nikamwambia wanakata nyasi.

Jumatano, 29 Januari.

Nimekwenda kwa Mayi Nasibeko, kabla hajafunga meza. Mi, Rosette, ambaye huwacheka wanaomwaga maji mlangoni kwa ajili ya wafu. Nilikaa chini kwenye gunia lake.

"Mayi, nawaambiaje warudi?"

"Hawaambiwi warudi. Wametoka kuzika, ni watu wenye adabu, hawaachi kazi katikati. Wanamtafuta mwenye msiba. Aliyetangaza ni wewe."

"Basi waje kwangu. Kwa nini wanapanda huko?"

"Wewe ni mgeni, hapa huna nyumba. Wanakwenda kwa nyumba ya damu yako." Alinikatia andazi, nikalishika bila kula. "Wakifika watauliza jina. Kama hakuna jina, watachukua la aliye karibu. Wapokee wewe kabla hawajafika. Kaa chini, kama mwenye msiba, uwape jina la mtu wako."

"Mtu wangu gani? Sina aliyekufa ambaye hajazikwa."

Akarudi kupanga mandasi zake. Nilijua ninaye mmoja, na nilijua nimekuwa nikimlisha kila siku kwa akili yangu, nikimnenepesha, nikimkalisha sokoni Uvira na dumu lake la mawese. Kumtaja pale ni kumzika. Nilimwambia Mayi Nasibeko kuwa anauza maneno kuliko mandasi, nikaondoka kwa hasira.

Jumamosi, 1 Februari.

Mvua. Mvua. Wamefika kwenye waya wa upande wa chini wa njia panda ya tatu.

Jumanne, 4 Februari.

Nimemuuliza Mtambo kama tunaweza kuweka ya tatu iwe nyekundu jioni yote, isipite hata nzi. Akasema ambulensi zinapita pale. Ni kweli. Nilitaka kuokoa mmoja kwa kuua wengine, nimefika huko sasa. Baadaye akaniuliza polepole, "Unataka nisimame wapi, siku ukiamua kuwapokea?" Sikujua kwamba alikuwa anajua.

Jumamosi, 8 Februari.

Naandika ya jana.

Mchana Cadeau alipiga simu, hasemi, analia. Damu ya Fidès ilikuwa imepanda sana, ameanza kutetemeka, na moyo wa mtoto ulikuwa unapungua kasi. Watampasua. Nilifika, wakanizuia mlangoni. Cadeau alikuwa amekaa sakafuni na tepu yake ya kupimia bado iko shingoni.

"Bamemuingiza," akasema. "Yaya Rosette, bamemuingiza."

Dirisha la ukumbi linatazama chini. Niliona njia panda ya tatu, na jua limeanza kushuka nyuma ya mawingu. Nikasimama pale kati ya mlango na dirisha, na hasira ilinishika, hasira ya kweli. Niliwakasirikia waliokuwa wanapanda kilima, nikaikasirikia miti yao, na mama naye kwa kuchelewa kote huko. Halafu nikamwambia Cadeau, "Usitoke hapa hata Yesu akikuita," nikashuka mbio.

Mtambo nilimpigia njiani, akasema atakaa ya kwanza. Mayi Nasibeko nilimkuta tayari njia panda ya tatu, sijui nani alimwambia, na wanawake wengine wengi wa mtaa wake, vitenge viunoni, kila mmoja na kibakuli cha unga wa msiba.

"Maliro hayapokelewi na mtu mmoja," akasema.

Nilikaa chini, pale barabara inapoingia kwenye njia panda, kwenye matope, na jaketi langu la kazi la rangi ya chungwa. Wanawake walikaa nyuma yangu. Magari yaliyokuwa yanakuja yalituona yakasimama. Nilidhani watatutukana. Dereva wa kwanza alizima injini, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, na ikawa kimya mpaka nikasikia feu zikibadilika ndani ya kabati, tak, tak.

Simu ikalia. Mtambo.

"Rosette. Imeomba."

Hakuniita Madam. Nikangoja. Mvua ilikuwa imeacha. Akapiga tena, amepanda nao kwa miguu, anahema. "Wako ya pili. Hakuna mtu hapa, Rosette, hakuna mtu, lakini nimevua kofia."

Kisha nikayaona madimbwi. La chini kabisa lilitikisika, la juu yake likafuata, yakapanda hivyo kilima kizima, polepole, mwendo wa kubeba. Kijani kiliwaka kwa barabara kuu na kikakataa kuisha. Harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi ilikuja mpaka kooni. Dimbwi lililokuwa mbele ya magoti yangu lilitikisika, likatulia.

Hakuna aliyesema neno. Lakini niliulizwa, na mwenye kuulizwa anajua.

Mdomo ulikataa. Nilimwona mama Uvira, sokoni, ameinua macho kutoka kwenye dumu lake, ananingoja nimnunulie. Alikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nimemtunza vizuri. Nikamwambia kwa moyo, mama, Fidès iko ndani, iko peke yake, na we uko mwenye kunizaa, utaelewa. Akainamisha kichwa akaendelea kupima mawese, na hapo nikajua hataniangalia tena.

"Ni Fortunée," nikasema. "Mama yangu. Fortunée wa Baraka. Amekufa."

Halafu sauti ikatoka ambayo sikujua ninayo. "Mawee! Mama yangu amekufa! Mama amekufa, mawee!" Wanawake waliipokea, wakapandisha wimbo wao, madereva wakatoka kwenye magari wakasimama na vichwa wazi. Mayi Nasibeko alinishika mabega asiniache nianguke mbele. Nililia kilio cha miaka yote. Nililia mpaka nikasikia njaa.

Nilipoinua kichwa, dimbwi lililokuwa mbele yangu lilikuwa limetulia na la chini yake lilikuwa linatikisika, na la chini yake tena. Walikuwa wanashuka, na mwendo wao ulikuwa mzito kidogo kuliko wa kupanda. Kijani kikaisha. Nyekundu. Mtu mmoja nyuma kabisa, ambaye hakuona kitu, akapiga honi.

Nilipanda kilima na matope yangu yote. Cadeau alikuwa bado sakafuni. Aliinua tepu yake, ameishika kwa vidole viwili, anaonyesha urefu wa kitu.

"Hivi," akasema. "Iko hivi. Mwanaume. Amelia!"

Fidès alifungua macho usiku, karibu asubuhi. Akaniangalia uso.

"Yaya, unalia nini? Iko muzima."

"Namlilia mama."

Akanipokonya mkono wake.

"Umemulilia bila mi?"

Yaani hata hapo, tumbo limeshonwa, alipata nguvu ya kunikasirikia. Tukalia pamoja, yeye kwa kujizuia kwa sababu ya nyuzi, mi kichwa changu pembeni ya mguu wake. Muuguzi akaja akatuambia tunaamsha watu.

Jumatatu, 10 Februari.

Waya wa barabara ya udongo nimeurudisha kwenye kabati. Jioni haikuomba.

Jumanne, 11 Februari.

Haikuomba.

Jumapili, 2 Machi. Dzaleka.

Tumemaliza kilio cha mama, pamoja safari hii, kwa Fidès na Cadeau. Bamama ba kanisa walipika tangu alfajiri. Watu wa Baraka walikuja kutoka pande zote za kambi, na wengine walikuwa na habari zake ambazo sikuwahi kusikia, kwamba alikuwa anacheza mpira wa wasichana, kwamba alimpiga kofi chifu. Kumbe watu walikuwa nazo. Walikuwa wananiogopa.

Mtoto anakula kama anadaiwa.

Alhamisi, 20 Machi.

Mvua zimepungua. Feu tatu sasa zinasikilizana, gari linatoka chini mpaka hospitali bila kusimama. Mtambo ameninunulia soda.

Ijumaa, 28 Machi. Area 36.

Kesho kibali changu kinaisha, narudi Dzaleka. Leo Mtambo aliniletea amri ya ofisi: barabara ya udongo haina magari, waya wake utolewe, feu yake ifunikwe kwa gunia, watakaotoka huko wawe wanasimama na kuangalia wenyewe. Alinipa kazi hiyo mimi. Nadhani alifikiri itanifurahisha.

Tangu siku niliyomlilia mama, karibu kila jioni nimesimama pale kwenye barabara ya udongo, na sikumwambia mtu. Mwanzoni nilisimama kwa woga. Sijui ni lini ukaisha. Watu wale walimbeba mama yangu kwa heshima, wakampitisha, wakampa mahali, na mi sikuona hata mgongo wa mmoja. Nawakosa. Namkosa yeye zaidi kuliko nilipokuwa namngoja, na sikujua hilo linawezekana.

Jioni nilifungua kabati. Magari ya watu wanaotoka kazini yalikuwa yamejaa barabara kuu. Ndani kuna kitufe cha fundi, cha kujaribia, unakibonyeza kabati linadhani kuna gari. Nilikibonyeza. Nyekundu ikasimamisha wote, na barabara ya udongo, tupu mpaka kwenye miti, ikapata kijani.

Honi zikaanza. Dereva mmoja akatoa kichwa nje. "Iwe, we mama! Unamfungulia nani? Hakuna mtu!"

Niliweka kidole changu pale kwenye kitufe, nikakiacha.